Mwalimu anayetaka kuwaandikia watoto na vijana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Maswali haya yametoka kwenye mafunzo ya kata, vijiwe vya walimu na simu za usiku. Anayeyajibu amefundisha shule za msingi kwenye uwanda wa Makonde, anaandika vitabu vya watoto, na chaki hajaiacha. Maswali yana namba ili jambo lililokwisha kujibiwa lisirudiwe.

## Mwanzo

1. Mimi ni mwalimu wa kawaida wa shule ya msingi. Kweli naweza kuwa mwandishi?

Unaweza, na una kitu ambacho mwandishi aliyejifungia Dar es Salaam hana: unakaa na wasomaji wako siku tano kwa wiki. Unajua mtoto wa darasa la tatu anacheka nini, anaogopa nini, na anachoka akifika mstari wa ngapi. Yeye hayo anayakisia.

Wala hutakuwa wa kwanza. Nyerere alifundisha Tabora na Pugu kabla ya siasa kumchukua, na hata alipokuwa anaongoza nchi alipata wasaa wa kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Sasa wewe mwenye vipindi ishirini na nane kwa wiki usiseme huna nafasi (ingawa swali la 3 linakuonea huruma kidogo).

Ila ualimu una ugonjwa wake, na huo ndio unaoua miswada mingi ya walimu. Umeelezwa kwenye swali la 6. Kama utasoma jibu moja tu hapa, soma hilo.

2. Lazima niwe na shahada ya fasihi?

Hapana. Mhariri anasoma kurasa za mwanzo za mswada wako, hasomi cheti chako. Kinachotakiwa ni uwe msomaji. Mwalimu ambaye mara ya mwisho kusoma kitabu cha hadithi ni alipokuwa chuo cha ualimu ana kazi ya kufanya kabla ya kushika kalamu. Azima vitabu vya watoto, visome kwa sauti nyumbani, uone mwandishi anavyofungua sura na anavyoikata.

3. Muda naupata wapi?

Andalio la somo, madaftari ya kusahihisha, zamu, vikao, na huku kwetu kuna shamba pia. Mwalimu mwenye mikorosho Tandahimba au Newala asijidanganye kwamba ataandika sura tatu Oktoba na Novemba. Katikati ya mwaka napo yuko na mashine ya kupulizia salfa. Pangilia kwa kalenda yako halisi: rasimu iandike miezi ambayo shamba limetulia, na marekebisho madogo madogo yafanye wakati wa msimu, jioni, ukurasa mmoja mmoja.

Nusu saa baada ya wanafunzi kuondoka, kabla hujafunga ofisi, inatosha. Nyumbani kuna wageni.

4. Niandike kwenye simu au kwenye daftari?

Popote. Muhimu kazi iwe sehemu mbili. Mwenye kaunta buku apige picha kurasa zake, mwenye simu ajitumie mswada kwa barua pepe. Simu huibiwa, na mvua ya masika huingia hata kabatini.

## Kuandika

5. Watoto na vijana ni kundi moja? Kitabu kiwe na urefu gani?

Si kundi moja hata kidogo, na mswada usiojua unamwandikia nani hurudishwa haraka.

Anayeanza kusoma, darasa la kwanza na la pili, anahitaji sentensi fupi, picha kila ukurasa, na maneno yanayojirudia bila kuchosha. Kitabu kizima kinaweza kuwa na maneno mia mbili, na ndicho kigumu kuliko vyote. Darasa la tatu na la nne wanaweza hadithi ya maneno elfu moja mpaka elfu mbili, yenye tatizo moja na watu wachache. Darasa la tano mpaka la saba wanataka sura, safari, siri, na watu wazima wanaokosea. Vijana wa sekondari wanataka kuambiwa ukweli, na ukiwaficha wanakitupa kitabu. Kwao maneno elfu kumi na tano si mengi.

Kwa vitabu vya picha, fikiria kurasa 16, 24 au 32. Karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa ikatoa kurasa kwa mafungu, ndiyo maana mchapaji akiletewa kurasa 27 huguna.

6. Mhariri amenirudishia mswada akisema "unafundisha mno". Ana maana gani?

Ana maana bado umesimama mbele ya ubao. Mwalimu akishika kalamu, mkono unataka kueleza, kuonya na kutoa zoezi. Hadithi inaanza na mtoto mtukutu, katikati anapata balaa, mwisho babu anamketisha na kumpa nasaha nusu ukurasa. Watoto wameshaijua njia hiyo. Wakimwona babu anakohoa, wanafunga kitabu.

Chukua mwanzo kama huu, ambao kila mhariri ameusoma kwa namna moja au nyingine:

"Hapo zamani palikuwa na kijana aitwaye Hamisi ambaye alikuwa na tabia mbaya ya wizi. Wizi ni tabia isiyofaa katika jamii kwa kuwa hurudisha nyuma maendeleo ya familia."

Sentensi ya pili ni somo la Uraia. Sasa habari ileile:

"Hamisi alitega sikio. Baba anakoroma. Akaingiza kopo kwenye gunia, akachota korosho, akamimina kwenye mfuko. Kopo la pili. La tatu. Nje, mnunuzi wa kangomba alikuwa amezima taa ya pikipiki."

Neno wizi halimo. Tabia mbaya haimo. Lakini mtoto wa Tandahimba ameshajua kila kitu: kwamba kangomba ni kuuza korosho kwa mlango wa nyuma, kwa bei ya kutupa, kabla hazijafika chama cha msingi cha ushirika, kwamba baba anasubiri mnada alipe madeni, kwamba pikipiki haizimwi taa bure. Ameshaanza kuogopa kwa niaba ya Hamisi. Hofu hiyo inafanya kazi ambayo aya ya Uraia haiwezi.

Funzo halijakatazwa. Liache ndani ya kinachotokea, mtoto alifikie mwenyewe, kwa sababu funzo alilolifikia mwenyewe hatalikataa. Na maswali ya ufahamu mwisho wa hadithi usiyaandike ila mchapishaji akiyaomba.

Dawa ya haraka: ukimaliza rasimu, futa aya ya mwisho, usome tena. Mara nyingi utaona hadithi ilikwisha kabla yake. Kisha tafuta maneno "ni muhimu", "hatuna budi" na "tunajifunza kwamba". Yalipo, mwalimu amerudi darasani.

7. Mtwara na Lindi kuna nini cha kuandika? Si afadhali hadithi itokee Dar es Salaam?

Swali hili huulizwa kwa upole lakini linaudhi. Mtoto wa huku anasoma vitabu vilivyojaa foleni na maghorofa, na Dar es Salaam hajawahi kufika. Ruvuma, mnada, pantoni, mawimbi ya Msimbati, timu ya Namungo ya Ruangwa: havimo, au vimo kwa sentensi moja.

Anza na mifupa ya Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani ulichimba dinosaria kwenye kilima hicho, kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi. Waliochimba walikuwa mamia ya watu wa huku chini ya msimamizi Boheti bin Amrani. Mifupa ikafungwa, ikabebwa vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Leo mnyama mmoja amesimama katika makumbusho ya Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13, na watoto wa Ujerumani hupelekwa kumtazama. Mtoto wa Nyangao hajaambiwa. Hebu mfikirie kijana wa miaka kumi na mitatu katika msafara ule, mfupa begani, asiyejua amebeba paja la mnyama gani. Hiyo ni riwaya nzima, na sijaiona dukani.

Kuna Kilwa Kisiwani, alikofika Ibn Battuta mwaka 1331. Kuna vilima vya Umatumbi, vita vya Majimaji vilikoanzia 1905. Kuna Masasi ya 1876, wamisionari walipofika na watu waliokombolewa utumwani ambao wengine walikuwa wakitafuta njia ya kurudi kwao. Kuna Nachingwea, ambako Waingereza walifyeka pori kulima karanga mwishoni mwa miaka ya 1940. Walijenga bandari Mtwara na reli ya kubebea mavuno, karanga zikawagomea, na reli nayo ikafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nachingwea hiyohiyo baadaye ikapokea wapigania uhuru wa Msumbiji. Wazee wanaokumbuka bado wapo. Nenda na daftari, mwamkie mzee, kaa.

Lakini historia isikufunge. Mtoto aliyetumwa na mama kuuza ming'oko (viazi vya porini) stendi, akapoteza chenji, ana hadithi kubwa vilevile.

8. Sijazaliwa huku, nimepangiwa kazi tu. Nitaandikaje habari za korosho?

Kwa kuuliza kabla ya kuandika, na kwa kuwapa wanafunzi wakusahihishe. Upo mswada ambao shujaa alipanda mkorosho asubuhi na mapema akachuma korosho akajaza kikapu. Darasa zima liliangua kicheko. Huku korosho huokotwa: bibo, yaani tunda la mkorosho, likiiva linaanguka lenyewe, unainama, unatenganisha korosho na bibo kwa mkono, unaanika. Bibo mwingine anakula, mwingine anakausha, mwingine anapika pombe. Na ganda bichi usiling'ate, mafuta yake yanaunguza mdomo. Hayo kila mtoto wa darasa la pili anayajua, kwa hiyo ukikosea hapo hatakuamini ukimweleza habari za moyo wa shujaa wako.

Ugeni nao una faida. Mgeni huona pantoni, mwenyeji huona usafiri tu.

9. Nitajuaje kama hadithi inaeleweka?

Msomee mtoto, au bora zaidi, mpe asome mwenyewe. Darasa zima lisiitike kwa pamoja, maana watoto wakiulizwa "mmeelewa?" hujibu "ndiyo mwalimu" hata kama umesoma tangazo la zabuni.

Chagua mtoto mmoja anayesoma wastani, si yule hodari unayemwita wageni wakija. Kaa ubavuni mwake, usikae mbele yake. Shika nakala ya pili na kalamu. Akipunguza mwendo, weka nukta. Akirudi nyuma, chora mshale. Akiruka neno, lizungushie. Usimsaidie wala usimpongeze. Akimaliza, muulize jambo moja tu: halafu ikawaje?

Mfano wa ukurasa uliofanyiwa jaribio hilo. Mswada ulisema: "Kutokana na kuchelewa kwa pantoni, abiria waliokuwa wakielekea Msangamkuu walilazimika kusubiri kwa muda mrefu." Msichana wa darasa la nne alifika "abiria", akarudi mwanzo, akavuta pumzi, akaliruka "walilazimika" zima. Alipoulizwa watu wa pantoni huwa wanasubirije, akajibu bila kufikiri: "Wanakalia ndoo." Sentensi ikawa: "Pantoni ilichelewa. Watu wa Msangamkuu wakageuza ndoo zao, wakakaa."

Ukurasa wenye nukta nyingi uandike upya. Ukurasa ambao mtoto alicheka mahali ambapo hukukusudia, usiuguse kwanza, chunguza kilichomchekesha.

10. Nichanganye Kimakonde, Kimwera, Kimakua au Kiyao?

Kwenye mazungumzo, ndiyo, kwa kiasi. Bibi wa Newala akimwita mjukuu kwa Kimakonde, mtoto wa Mbeya ataelewa kwa mazingira, na mtoto wa Newala atainua kichwa. Masimulizi yenyewe yaache kwa Kiswahili sanifu, kwa sababu shule za msingi zinafundisha kwa Kiswahili na soko la vitabu liko huko.

Ukitaka hadithi nzima kwa lugha ya nyumbani, mchapishaji wa biashara atasita. Njia iliyo wazi zaidi ni majukwaa ya bure, tazama swali la 19.

11. Bibi yangu alinisimulia ngano. Nikiiandika inakuwa yangu?

Maneno uliyoyapanga wewe ni yako. Ngano yenyewe ni ya watu wote walioisimulia kabla yako, na mwingine ana haki ya kuiandika kwa njia yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inagusa pia sanaa za jadi, kwa hiyo usijitangaze mmiliki wa sungura na fisi. Andika mwanzoni ulisimuliwa na nani na wapi, naye mwenyewe akikubali. Ni heshima, na wahariri wanaipenda.

Afadhali zaidi: chukua ufundi wa bibi, achana na ngano. Namna anavyonyamaza kabla ya fisi kuingia, wimbo unaorudi mara tatu, mtoto anayejibu katikati ya masimulizi. Kisha tunga lako.

## Kuchapisha

12. Mswada umekamilika. Niupeleke kwa nani?

Wachapishaji wengi wako Dar es Salaam. Mkuki na Nyota na E&D Vision ni miongoni mwa waliotoa vitabu vya watoto kwa miaka mingi. Kabla ya kutuma, tafuta vitabu vyao uone wanachapa umri gani na urefu gani. Tuma barua fupi inayosema hadithi inahusu nini, ni ya umri gani, ina maneno mangapi, na wewe ni nani. Usiandike kwamba familia imeipenda.

Kisha subiri. Miezi sita ya ukimya ni kawaida. Uliza mara moja kwa adabu, halafu anza kitabu cha pili.

13. Kitabu changu kinaweza kutumika shuleni?

Vitabu vya kiada vinaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), huko mwandishi binafsi hana mlango wa kuingilia kwa hadithi yake. Mlango wako ni vitabu vya ziada. Hivyo hupelekwa TET kutathminiwa maudhui, lugha, picha na kama vinafaa umri uliotajwa, na vikifaa hupewa ithibati. Kwa kawaida mchapishaji ndiye anayehangaika na hilo.

Mradi nao huweza kukununulia. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991 ulisaidia wachapishaji wa Tanzania kutoa hadithi za Kiswahili na kuzifikisha shuleni, na Mtwara ilikuwa kati ya mikoa ya Tusome Pamoja, mradi wa kukuza usomaji, kuanzia 2016. Miradi huja na kuondoka. Usiandike kwa ajili ya mradi.

14. Nimeambiwa nilipe ndipo kitabu kichapwe. Ni sawa?

Mchapishaji halisi hutumia fedha yake kwa kitabu chako. Anayekutoza ni mchapaji, na si dhambi kuwa mchapaji, ila msiitane mchapishaji. Kama unalipa, basi nakala zote ni zako, hakimiliki ni yako, bei unapanga wewe. Mtu anayetaka fedha yako na hakimiliki yako pia, muage.

15. Mrabaha au malipo ya mara moja?

Mrabaha ni sehemu ya mauzo unayolipwa kila kipindi. Kiwango kinachosikika zaidi ni kama asilimia 10, na mkataba lazima useme asilimia ya nini: bei ya dukani au fedha anayopokea mchapishaji. Tofauti ni kubwa. Uliza pia utaletewa hesabu lini, na ni nini kitatokea kitabu kikiisha dukani asikichape tena. Kodi ya zuio hukatwa humo.

Malipo ya mara moja huvutia Januari, ada za watoto zikiwa mlangoni. Ukiuza kazi moja kwa moja, ikija kununuliwa na shule za nchi nzima hutapata hata senti. Kwa kijitabu cha kurasa 16 huenda ikafaa. Kwa riwaya ya vijana, kataa, au omba muda wa haki hizo uwekewe ukomo.

16. ISBN na COSOTA ni lazima?

ISBN, ile namba ya tarakimu 13 nyuma ya kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Bila hiyo, maduka na maktaba watapata taabu kukiagiza. Hakimiliki yako inaanza pale unapoandika, hudumu maisha yako na miaka 50 baada ya kufa. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hakukupi haki hiyo, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Sajili.

17. Nikijichapishia mwenyewe?

Inawezekana na wapo wanaofanya vizuri. Si lazima uende Dar es Salaam; hata Ndanda, wilayani Masasi, kuna mtambo wa uchapaji wa wamisionari, Ndanda Mission Press. Omba bei kwa nakala chache, ukubwa wa A5, jalada la rangi na ndani nyeusi na nyeupe, ulinganishe sehemu mbili tatu. Ukichapa mbali, jumlisha mzigo wa basi.

Tatizo halitakuwa kuchapa. Tatizo ni maboksi chini ya kitanda. Kabla hujalipa, andika majina ya maduka, steshenari, makanisa, misikiti na shule binafsi zitakazochukua, na uwe umeongea nao. Na mlipe mhariri. Mwalimu anayesahihisha insha za watu miaka yote haoni makosa yake mwenyewe.

18. Nani atachora picha?

Ukipata mchapishaji, atamtafuta yeye, na wewe utatoa maoni. Ukijichapishia, tafuta kijana anayejua kuchora watu wakitembea na kuanguka, maana wengi wanachora nyuso tu. Mpe picha za mambo ya kwetu: mkorosho unavyotandaza matawi chini, dau, nyumba ya udongo. Usipompa, utaletewa mti wa tufaha. Mkataba wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja, useme picha zitatumika wapi.

19. Naweza kuweka hadithi mtandaoni bure?

Ndiyo. African Storybook, jukwaa lililoanzishwa Afrika Kusini, linapokea hadithi fupi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na mtu yeyote anaweza kuzipakua, kuzitafsiri na kuzichapa. Soma hilo neno "yeyote" tena kabla ya kubonyeza: leseni huria hairudishwi mfukoni. Weka hadithi ambayo umeridhia isikuletee fedha. Faida yake ni kwamba utasomwa, na mhariri akitaka kuona kazi yako una kitu cha kumwonyesha.

20. Kuna tuzo za kushindania?

Iliyo karibu zaidi ni Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na TET. Zawadi za kwanza zilitolewa tarehe 13 Aprili 2023. Ilianza na riwaya na ushairi, kisha hadithi za watoto zikaongezwa. Soma masharti ya mwaka husika neno kwa neno. Mswada mzuri uliozidi urefu hutupwa pamoja na mbovu.

## Ajira, maadili na mambo yenye utata

21. Mwajiri atanizuia?

Kuandika hadithi nyumbani kwako hakujakatazwa. Kinacholeta matatizo ni kuandika saa za kazi, kutumia karatasi na mashine ya ofisi, na kuanika siri za utumishi. Mjulishe mwalimu mkuu kwa barua, ubaki na nakala yenye muhuri. Siku kitabu kikitoka na fitina ikianza, karatasi hiyo itakusemea.

Kumbuka pia kwamba ulichoagizwa kuandika kama sehemu ya kazi, mfano moduli ya mafunzo, kwa kawaida ni mali ya mwajiri. Hadithi ya usiku ni yako.

22. Niwauzie wanafunzi wangu?

Usiwauzie. Tangu elimu bila ada ianze 2016, mchango wowote shuleni unatazamwa kwa jicho kali, na mzazi hawezi kumkatalia mwalimu anayemsahihishia mtoto wake. Weka nakala kwenye maktaba ya shule bure. Wauzie watu wasio chini ya mamlaka yako.

23. Naweza kutumia majina ya wanafunzi, au insha zao?

Majina na maisha yao, hapana. Kubadili jina tu hakutoshi kijijini, maana mtoto pekee mwenye baba mvuvi na mguu uliovunjika atatambulika hata ukimwita Zuberi. Changanya watoto watatu wawe mmoja, badilisha kijiji, badilisha mkasa.

Insha ya mwanafunzi ni kazi ya mwanafunzi. Ukiitamani sentensi yake, omba ruhusa kwake na kwa mzazi, na umtaje.

24. Naweza kuandika kuhusu mapenzi, mimba, jando na unyago?

Kwa vijana, ndiyo. Mapenzi na mimba wanaviona kila siku. Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule katika mfumo rasmi, na siku yake ya kwanza kurudi, akivuka uwanja huku darasa lote liko dirishani, ni sura inayongoja mwandishi. Usiandike ili kumtisha. Aliyeandikiwa vitisho ameshavisikia kwingine.

Jando na unyago ni habari nyingine. Yanayofundishwa ndani na nyimbo zake si vya kuchapishwa, na ukivichapisha utakuwa umewasaliti waliokuamini, pengine ukiwemo wewe uliyepitia. Lakini ya nje ni ya kila mtu: likizo ya Desemba, ngoma, nguo mpya, rafiki aliyerudi akakataa kucheza nawe kwa kuwa sasa yeye ni mkubwa. Rafiki huyo anatosha. Kabla ya kutuma mswada wa namna hii, msomee kungwi au somo wa unyago unayemheshimu, na akisema hapa ondoa, ondoa bila kubishana.

25. Naweza kutumia akili unde kuandika?

Kukagua tahajia, sawa. Kukutungia, utapata tena yule babu wa swali la 6, na safari hii atakuwa anaongea Kiswahili kisicho na kijiji. Mpe hadithi hiyo mtoto wa swali la 9, uhesabu nukta. Soma pia masharti ya mchapishaji au tuzo, kwani wengine wanataka utamke kama umeitumia.

26. Nimestaafu. Nimechelewa?

Hujachelewa, ila umepoteza darasa, na darasa ndilo lililokuwa linakupa wasomaji wa majaribio. Nenda shule iliyo karibu nawe, omba kipindi kimoja cha maktaba kwa wiki, uwasomee. Walimu watakupokea kwa mikono miwili, maana ni kipindi kimoja cha kupumua. Anza na darasa la nne.